Alama Kumi na Mbili za Mkono: Jinsi ya Kusoma Takwimu za Utafiti wa Kiharusi

Tuseme kliniki moja ya fiziotherapi jijini Nairobi imefanya utafiti mdogo. Imechukua wagonjwa 20 waliopatwa na kiharusi wiki tatu zilizopita, kila mmoja akiwa na mkono mmoja uliolegea. Imewapa mazoezi mapya kwa wiki sita na kupima mkono huo kabla na baada. Kwa wastani alama zimepanda kwa 12, na thamani ya p, yaani kipimo cha jinsi matokeo kama haya yangekuwa nadra kama hakuna kilichobadilika, iko chini ya 0.001. Kliniki inaandika kwamba mazoezi hayo yanafanya kazi. Familia zinasoma, zinafanya mchango, mgonjwa anapelekwa.

Utafiti huu nimeubuni, lakini yeyote anayesoma tasnifu za wanafunzi wa tiba ameshakutana na mfano wake. Namba zote zinaweza kuwa sahihi, pasiwe na aliyedanganya, na bado hitimisho likakosa msingi. Jambo hili linanikera kwa sababu gharama yake hulipwa na watu wawili: ndugu anayeuza ng'ombe ili kulipia tiba, na mgonjwa anayetumia miezi yake ya kwanza, ile yenye nafuu kubwa, kwenye mazoezi ambayo huenda hayazidi yale angeyapata katika hospitali ya kaunti.

Alama 12 za nini?

Kipimo kinachotumika sana katika utafiti wa aina hii ni cha Fugl-Meyer, kilichochapishwa Sweden mwaka 1975 na Axel Fugl-Meyer na wenzake. Kwa upande wa mkono kina vipengele 33. Mpimaji humwomba mgonjwa ainue bega, anyooshe kiwiko, akunje kifundo, afungue vidole. Akishindwa anapewa 0, akiweza kwa sehemu 1, akiweza kikamilifu 2, na jumla ya juu kabisa ni 66. Bega, kiwiko na kigasha vimetengewa alama 36, kifundo cha mkono 10, kiganja na vidole 14, na 6 zilizobaki ni za kasi na ulinganifu wa mwendo.

Ukiutazama mgawanyo huo utaona kwamba mgonjwa anaweza kupanda alama 12 zote begani na kiwikoni bila kidole hata kimoja kufunguka. Mwingine anapanda 12 pia, lakini saba kati yake ni za vidole, na sasa anafunga vifungo vya shati mwenyewe. Jedwali linawaandika sawa. Kwa mama anayetaka mkono mmoja ushike sufuria huku mwingine ukisonga ugali, au kwa makanga anayehitaji kushika chuma cha mlango wa matatu na kuhesabu chenji, hali hizo mbili hazikaribiani kabisa.

Isitoshe, alama hizi ni za mpangilio. Zinaonyesha nani yuko juu ya nani, ila hazisemi kwa umbali gani. Hatua ya kutoka 0 kwenda 1 katika kufungua vidole inaweza kuwa kubwa kuliko hatua ya kutoka 1 kwenda 2 katika kuinua bega. Tunapozijumlisha na kutafuta wastani tunazichukulia kana kwamba ni sentimita. Watakwimu wanalijua hilo, na wengi wanaendelea kujumlisha. Mimi sioni ubaya mkubwa, kwani katikati ya kipimo jumla ya vipengele 33 huenda vizuri. Ubaya uko kwenye ncha. Aliyeanza na 60 amebakiza nafasi ya alama 6 tu, hata apone kabisa. Aliyeanza na 2 anaweza kupata nguvu kidogo ambayo kipimo hakina jicho la kuiona. Dari na sakafu za kipimo huficha mabadiliko ya kweli.

Kuna vipimo vingine vinavyouliza kuhusu kazi badala ya mwendo. Action Research Arm Test, uliochapishwa na Lyle mwaka 1981, una kazi 19 zenye alama 0 hadi 3, jumla 57: kushika vibao vya mbao vya ukubwa tofauti, kumimina maji kutoka glasi moja hadi nyingine, kuokota gololi kwa kidole na gumba, kupeleka mkono kichwani. Mtu anaweza kupanda kwenye Fugl-Meyer na kubaki palepale kwenye huu. Ndiyo maana mtafiti anapaswa kutangaza mapema ni kipimo kipi kitakachoamua matokeo, na njia ipo: sajili ya majaribio ya tiba ya Afrika, PACTR, iliyoko Afrika Kusini. Anayepima kwa njia sita kisha kuripoti ile moja iliyopendeza hajathibitisha kitu.

Mkono ungepanda hata bila mazoezi hayo

Hapa ndipo utafiti wetu wa kubuni unapovunjika. Wiki tatu baada ya kiharusi ubongo bado uko katika kipindi chake cha kujikarabati. Uvimbe unapungua, sehemu zilizozimika bila kufa zinaamka, njia nyingine za neva zinachukua kazi. Mwaka 2006 Gert Kwakkel na wenzake nchini Uholanzi walifuatilia wagonjwa 101 kwa kuwapima mara nyingi, wakakadiria kwamba kupita kwa muda peke yake kulieleza kati ya 16% na 42% ya nafuu iliyoonekana katika wiki 6 hadi 10 za kwanza. Kliniki yetu ilianza kupima katikati ya kipindi hichohicho.

Thamani ya p ya 0.001 haisaidii lolote hapa. Inajibu swali jembamba: kama kwa kweli hakuna kilichobadilika, ni nadra kiasi gani kuona alama zikipanda hivi? Jibu ni kwamba ni nadra sana, kwa hiyo kitu kimebadilika. Hilo tulilijua. Kuhusu kilichosababisha badiliko hilo, p iko kimya.

Nafuu yenyewe nayo haigawanyiki sawa. Mwaka 2010 Rinske Nijland na wenzake, pia Uholanzi, walionyesha kwamba mgonjwa anayeweza kunyoosha vidole kidogo na kuinua mkono kando kutoka begani ndani ya saa 72 ana uwezekano wa 98% wa kurudisha ustadi fulani wa mkono baada ya miezi sita. Asiyeweza hata moja kati ya hayo mawili, uwezekano wake ni 25%. Kwa hiyo kati ya wagonjwa 20, huenda kumi walipanda alama 24 na kumi hawakupanda kabisa. Wastani bado ni 12, ingawa hakuna mgonjwa hata mmoja aliyepanda 12.

Swali linalostahili kuulizwa, basi, ni mkono huu ungefika wapi bila tiba hii. Mtu mmoja hawezi kuishi mara mbili ili tulijibu. Tunachoweza ni kuwagawa wagonjwa katika makundi mawili kwa bahati nasibu, kundi moja lipate tiba mpya na jingine tiba ya kawaida, kisha tulinganishe. Idadi ikiwa ndogo, bahati nasibu yenyewe inaweza kuwarundika walio na vidole vinavyofunguka upande mmoja. Tiba ya hilo ni kuwatenga kwanza kwa hali yao ya mwanzo, kisha kuwagawa ndani ya kila tabaka.

Majaribio makubwa yanaonyesha ni kwa nini kundi la pili ni la lazima. ICARE, jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2016, lilikuwa na wagonjwa 361 katika makundi matatu. Kundi moja lilipata mafunzo yaliyopangwa kwa ustadi kuhusu kazi halisi za mkono, la pili lilipata tiba ya kawaida kwa saa zilizokaribia za kundi la kwanza, la tatu tiba ya kawaida bila kuongezewa saa. Baada ya mwaka mmoja makundi yote yalikuwa yamepata nafuu, na tofauti baina yao haikuonekana. Lau lile la kwanza lingesimama peke yake, lingesifiwa kote.

Kosa linalojificha ndani ya makundi mawili

Mtafiti akishapata makundi mawili, mtego mwingine unamngoja. Anachukua kundi la tiba, analinganisha kabla na baada, anapata p ya 0.03. Anachukua kundi la kawaida, anafanya vivyo hivyo, anapata p ya 0.08. Anaandika: tiba mpya ilileta nafuu ya maana, ya kawaida haikuleta. Lakini hajalinganisha makundi hayo hata mara moja. Pengine moja lilipanda alama 6 na jingine 5, na mstari wa 0.05, ambao kwa desturi p ikiwa chini yake matokeo huitwa ya maana, ukapita katikati yao. Mwaka 2011 Sander Nieuwenhuis na wenzake walipitia makala 513 za sayansi ya neva katika majarida makubwa. Katika 157 palikuwa na nafasi ya kufanya kosa hili, na 79 zilikuwa zimelifanya. Kama majarida hayo yanateleza, mwanafunzi anayeandika tasnifu peke yake usiku wa manane pale Upper Hill anastahili kufundishwa jambo hili waziwazi, wala si kulaumiwa.

Njia safi ni kulinganisha alama za mwisho za makundi mawili huku ukirekebisha kwa alama za mwanzo za kila mgonjwa. Kwa maneno mengine, unauliza: wagonjwa wawili walioanza mahali pamoja, mmoja huku na mmoja kule, wanatofautiana kiasi gani mwishoni? Jibu hutolewa kama tofauti pamoja na masafa yake, kwa mfano alama 3, pengine kati ya 0.5 na 5.5. Masafa hayo huniambia mengi kuliko p.

Kanuni ya 70% na uhusiano usiokuwepo

Sasa nije kwenye kisa ninachokiona kuwa funzo kubwa kuliko yote katika uwanja huu. Mwaka 2008 Shyam Prabhakaran na wenzake nchini Marekani walipendekeza kwamba wagonjwa wengi hurudisha takriban 70% ya alama walizopoteza. Aliyeanza na 26 amepoteza 40, atarudisha 28, na baada ya miezi mitatu atakuwa karibu na 54. Kanuni hiyo ilienea upesi. Walioirudia walikuta uhusiano mkali mno kati ya alama zilizopotea na zilizorudi, wakati mwingine 0.9 au zaidi pale ambapo 1 ni uhusiano kamili, kiwango ambacho ni adimu katika tiba. Baadhi yao walisoma hapo jambo zito: ikiwa 70% inarudi kwa nguvu ya maumbile, basi mazoezi ya kawaida hayaongezi kitu. Fizio aliyetumia miaka kumi akiinua mikono ya wagonjwa anaposoma hivyo, ana haki ya kuuliza ushahidi wenyewe ukoje.

Mwaka 2019 makundi mawili ya watafiti yaliuliza, la Thomas Hope jijini London na la Rachel Hawe jijini Calgary. Walichokionyesha unaweza kukithibitisha mwenyewe kwa kompyuta. Andika safu ya namba za nasibu kati ya 0 na 66 kwa "wagonjwa" elfu moja, uziite alama za mwanzo. Andika safu ya pili ya namba za nasibu, zisizohusiana kabisa na za kwanza, uziite alama za mwisho. Sasa kwa kila mstari toa alama za mwanzo kutoka 66 ili upate zilizopotea, kisha toa alama za mwanzo kutoka za mwisho ili upate zilizorudi. Pima uhusiano kati ya zilizopotea na zilizorudi. Utapata takriban 0.71. Hakuna mgonjwa, hakuna ubongo, hakuna nafuu, na bado uhusiano ni mkubwa.

Chanzo chake ni kwamba alama za mwanzo zimo pande zote mbili za hesabu. Aliyepewa namba ndogo mwanzoni lazima aonekane amepoteza nyingi, na kwa kuwa namba yake ya pili huenda ikawa kubwa zaidi, ataonekana pia amerudisha nyingi. Ongeza sasa dari ya kipimo. Wagonjwa wengi wakimalizia karibu na 60 au 66, alama za mwisho zinabanana. Mtawanyo wake ukiwa nusu tu ya mtawanyo wa mwanzo, uhusiano unapanda hadi 0.89 hata kama safu mbili hazina lolote la kuambiana. Ile 0.9 iliyowashangaza watu ingeweza kuzaliwa na hesabu peke yake. Juu ya hayo, wagonjwa wenye ulemavu mkubwa ambao hawakupata nafuu mara nyingi waliwekwa kando kama wasiofuata kanuni, kisha kanuni ikapimwa kwa waliobaki.

Hili halikufuta biolojia ya kupona. Wapo wengi wanaorudisha sehemu kubwa ya walichopoteza. Kilichoanguka ni ushahidi uliotegemea ukali wa uhusiano huo. Mwaka 2020 Rick van der Vliet na wenzake walichukua vipimo vya wagonjwa 412, kila mmoja akiwa amepimwa mara kadhaa, wakaiacha hesabu yenyewe itafute makundi. Ilitoa makundi matano, kila moja na kasi yake na kikomo chake.

Kwa Nairobi mtego huu si wa mbali. Kliniki yetu ya kubuni ikiongeza sentensi moja, kwamba wagonjwa waliokuwa hoi zaidi ndio walionufaika zaidi, itakuwa imelinganisha alama za mwanzo na kupanda kwa alama. Ni hesabu ileile. Tena kama wagonjwa walichaguliwa kwa sababu walipata alama za chini siku ile, baadhi yao walikuwa na siku mbaya tu, wamechoka au hawajalala, na kipimo cha pili kingewapandisha hata bila tiba. Francis Galton alilieleza jambo la namna hii mwaka 1886 kwa kutumia urefu wa wazazi na watoto wao.

Sekunde, asilimia na vizingiti

Kuna vipimo vya muda pia. Wolf Motor Function Test huhesabu sekunde ambazo mgonjwa anatumia kufanya kazi kama kuinua kopo au kugeuza ufunguo, na aliyeshindwa huandikiwa 120. Wawili walioshindwa wanatosha kuvuta wastani wa kundi zima. Tena kushuka kutoka sekunde 100 hadi 90 ni jambo dogo, ilhali kushuka kutoka 12 hadi 2 ni mkono mwingine kabisa. Kwa hiyo sekunde hubadilishwa kuwa logi (logarithmi, hesabu inayopima mabadiliko kwa uwiano) kabla ya kuchambuliwa, na matokeo husomwa kwa asilimia. EXCITE, jaribio la Marekani la mwaka 2006 lenye wagonjwa 222 ambamo mkono usiolegea ulivishwa glavu nene ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi, liliripoti hivi: kundi la tiba lilishuka kutoka sekunde 19.3 hadi 9.3 baada ya mwaka, yaani 52%. Kundi la ulinganisho kutoka 24.0 hadi 17.7, yaani 26%. Naona asilimia hizo zinasema ukweli zaidi kuliko kutoa sekunde kwa sekunde.

RATULS la Uingereza, lililochapishwa mwaka 2019 na wagonjwa 770, lilitumia njia nyingine. Liliweka kizingiti cha mafanikio kwenye Action Research Arm Test kulingana na mahali mgonjwa alipoanzia: aliyeanza na 0 hadi 7 alihitaji kupanda 3 tu, aliyeanza na 20 hadi 39 alihitaji 6. Napenda uamuzi huo, kwa kuwa unakubali kwamba alama tatu kwa mtu asiyeweza kushika chochote ni nyingi. Waliofanikiwa walikuwa 44% kwa mazoezi ya roboti, 50% kwa mazoezi ya ziada na fizio, 42% kwa tiba ya kawaida, tofauti ambazo hazikutosha kusema tiba moja imeizidi ya kawaida. Hospitali inayofikiria kununua roboti kwa mamilioni ya shilingi iisome sentensi hiyo mara mbili.

Ila vizingiti vinaweza pia kukuza. Mwaka 2021 lilichapishwa jaribio la wagonjwa 108 waliopandikizwa kifaa cha kusisimua neva ya vagasi, inayotoka kwenye ubongo na kupita shingoni, wakati wa mazoezi, miezi tisa au zaidi baada ya kiharusi. Wote walipandikizwa, lakini kwa nusu yao kifaa hakikutoa msisimko wa kweli. Mazoezi ya kliniki yalipokwisha, Fugl-Meyer ilikuwa imepanda 5.0 kwa kundi la msisimko wa kweli na 2.4 kwa jingine, tofauti ya 2.6. Kwa kizingiti cha alama 6, siku 90 baadaye, ilisomeka 47% dhidi ya 24%, karibu maradufu. Namba zote mbili ni za jaribio lilelile, na tangazo litachagua ya pili. Msomaji azidai zote mbili.

Wasiorudi kupimwa

Limebaki jambo ambalo katika jiji letu naliona zito kuliko roboti na logi. Kati ya wagonjwa 20, tuseme waliorudi wiki ya sita ni 14, na wastani wa 12 umetoka kwao. Wale sita wako wapi? Mmoja wa Kayole alipata nafuu akarudi kwenye kibanda chake Gikomba, na hawezi kuacha mauzo ya siku ili akapimwe mkono. Wawili hali zao zilidhoofika wakapelekwa ushago, mmoja Siaya na mwingine Makueni, kwa kuwa huko yupo wa kuwaogesha. Mmoja alipata kiharusi cha pili akafariki. Wawili walikosa nauli. Sababu za baadhi yao zimefungamana na hali ya mkono wenyewe, kwa hiyo kuwafuta kunapindisha jibu, na hatujui kwa upande gani.

Wengine hujaza pengo kwa kurudia alama ya mwisho iliyopimwa. Hiyo ni kudai kwamba siku mgonjwa alipokosa kuonekana ndipo mkono wake ulipoacha kubadilika, jambo lisiloaminika katika wiki za mwanzo. Afadhali kutumia modeli inayochukua vipimo vyote vilivyopo vya kila mtu, hata kama ana viwili tu, kisha kurudia uchambuzi kwa kudhani kwamba walioondoka walikuwa na hali mbaya zaidi, na kuona kama hitimisho linasimama. Aliyeacha mazoezi katikati anabaki katika kundi alilopangiwa. Waliofariki wanatajwa kwa hesabu yao. Hawapewi alama 0 wala hawafutwi kimya.

Sehemu kubwa ya kazi hii, hata hivyo, hufanywa kabla ya kompyuta kuwashwa. Bajeti iwe na nauli ya mgonjwa na ya anayemsindikiza. Siku ya kwanza ichukuliwe simu ya mgonjwa, ya ndugu, na ya jirani wa ushago, na kila anayekosekana aandikwe sababu yake. Vifaa vya sehemu ya mkono ya Fugl-Meyer ni vichache: nyundo ndogo ya kupimia refleksi, mpira wa tenisi, kopo, penseli, kipande cha karatasi na saa ya kuhesabu sekunde. Vyote vinaingia kwenye mkoba mmoja, na mpimaji asiyejua mgonjwa alikuwa kundi gani anaweza kupanda navyo basi la Siaya.